Kiti cha Nane Kwenye Baraza la Mfereji

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumatano, nilitafsiri maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasema. Muda huo sikuukisia. Nimeusoma tena jana katika daftari langu la kazi, pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana wa ofisi ya ukalimani waliniomba niwaandikie niliyojifunza, na nimeona vyeo na mishahara havitawasaidia, kwa kuwa vyao vitakuwa tofauti. Nitawaandikia mambo ya miaka ya hamsini, nilipokuwa karani mkalimani katika ofisi ya wilaya hapa Dar es Salaam, kati ya maofisa wa Kiingereza na masheikh wa mjini.

Watu wameniuliza mara nyingi ilikuwaje Mkristo kutoka Kilimanjaro akapewa kazi hiyo. Nilikuja mjini kumsaidia mjomba katika duka lake la jumla Kariakoo, la maharage na vitunguu. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi moja na magazeti tuliyofungia bidhaa. Ndiyo maana kwa muda mrefu nilijua nusu tu ya kila habari. Wateja wetu wa pwani walituma barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mjomba alichoka kumlipa mtu wa kuzisoma. Nilizisoma mimi baada ya miezi minane. Herufi moja kwa wiki, na Jumapili marudio. Ofisi ya wilaya ilipotafuta mtu anayeweza kusoma barua za namna zote mbili, hatukuwa wengi kwenye foleni.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Kombo. Alikuwa mwenyeji wa mji huu, wa ukoo wa pwani, mwembamba kama kalamu yake, na alikuwa ametafsiri tangu kabla sijazaliwa. Alinitazama viatu, kisha daftari, kisha uso.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Mchaga wao?"

"Ndiyo, Mzee. Naitwa Eliya."

"Eliya, hapa hatuuzi vitunguu. Neno ukilipokea ratili moja, ulitoe ratili moja."

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: daftari, penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili, na saa ya mfukoni inayowekwa mezani ikiwa wazi. Kila anayesema, unaandika saa pembeni. Macho yako yawe kwenye karatasi muda wote, maana mkalimani akimtazama anayesema, huanza kutafsiri uso wake badala ya maneno. Usiseme "anasema kwamba". Sema "mimi". Sheikh akisema mimi nimekasirika, nawe unasema mimi nimekasirika, hata kama umetoka kucheka. Na katika muhtasari wa baraza hatukuandika jina la mtu. Tuliandika "upande wa Serikali" na "upande wa Wazee", basi. Mzee Kombo alisema mtu akiandikwa jina lake hawezi tena kubadili mawazo bila aibu, na baraza ambalo watu hawawezi kubadili mawazo ni kupoteza kahawa.

Kisha kulikuwa na habari ya viti.

"Wageni wangapi leo?" aliniuliza asubuhi ya baraza langu la kwanza.

"Sita, Mzee. Na sisi wawili."

"Basi panga viti tisa."

"Wa tisa ni nani?"

"Wa kuchelewa."

Ikawa hivyo kila baraza: kiti kimoja zaidi ya watu. Sikupata kumwona mchelewaji hata mmoja. Baada ya mwaka nilimuuliza, "Mzee, huyu wa kuchelewa mbona hafiki?"

"Umejuaje kama hafiki?" alisema, akacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu.

Niwaeleze kidogo juu ya mabaraza ya masheikh yenyewe. Kabla yake, maofisa na masheikh waliandikiana barua, na barua ilichukua wiki mbili kwenda mwendo wa robo saa kwa mguu. Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita Mkuu wa Wilaya, alikuwa mtu wa haki lakini mgumu wa kuelewa mambo yasiyoandikwa. Mara ya kwanza alipowaita masheikh ofisini kwake, walisimama barazani saa nzima wasiingie. Akaniambia wanamdharau. Nikatoka kuwauliza. Mlangoni alikuwa amelala mbwa wake, amelowa mvua, na hakuna sheikh aliyetaka kumruka halafu arudi nyumbani kufua kanzu kabla ya sala. Masheikh nao walidhani mbwa amewekwa makusudi. Saa nzima pande mbili ziliumizana mioyo, na mbwa hakuwa na habari. Nilimhamishia boharini. Tangu hapo tulikutana kila mwezi, na ilipofika mwaka wa pili Bwana Shauri alikuwa akikifungia kiko chake kwenye droo mwezi wa Ramadhani bila kukumbushwa.

Sasa mfereji.

Kila masika maji yaliingia nyumba za Kariakoo hadi kwenye vitanda. Serikali iliamua kuchimba mfereji mkubwa wa kuyapeleka pwani, na sehemu yake moja ilifuata ukingo wa kaskazini wa barabara itokayo Kariakoo kwenda Mchafukoge. Mhandisi alikwisha piga vigingi vyekundu. Masheikh wakasema hapo pana makaburi ya zamani. Barabara yenyewe ilipitishwa katikati yake enzi za Wajerumani, na nani aliyeulizwa wakati ule?

Pande zote mbili zilikuwa na haki, na hiyo ndiyo kesi ngumu kwa mkalimani. Mhandisi alisema yuko tayari kuukunja mfereji akionyeshwa mahali penyewe. "Siwezi kukunja zege kwa ajili ya neno labda," alisema. Lakini wazee wetu wa pwani walizika bila jina juu ya kaburi, na walioshuhudia walikwisha kuzikwa wenyewe. Kiwanja kilikuwa mchanga na nyasi, mbuzi na magunia ya mkaa. Vibarua wangeanza kuchimba Jumatatu.

Aliyekuwa na la kupoteza kuliko wote alikuwa Sheikh Muharami, mkuu wa ujumbe wa wazee. Mama yake alizikwa pale. Yeye alikuwa Unguja chuoni, ana miaka kumi na miwili, na habari zilimfikia mwezi umeshapita. Hakuwahi kujua ni wapi hasa. Mbele ya Bwana Shauri hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Alizungumzia makaburi ya Waislamu kwa jumla. Mimi niliambiwa na mzee mmoja tukiwa ngazini, tena kwa kuambiwa nisiseme.

Mzee Kombo alikuwa amestaafu miezi miwili kabla. Jumatano ile ndiyo iliyokuwa baraza langu la kwanza peke yangu kwa jambo zito. Watu tulikuwa saba: Bwana Shauri, mhandisi, Sheikh Muharami, wazee watatu, na mimi. Nikapanga viti vinane. Kiti cha nane kilikuwa upande wa dirisha, kati ya wazee na mimi.

Saa tatu kamili aliingia Faki, muuza kahawa wa Kariakoo tuliyempa kazi ya kuhudumia baraza, na dele lake la kahawa na vikombe kwenye ndoo ya maji. Alimimina kwa kila mtu. Alipofika kwenye kiti cha nane alimimina pia, akakiweka kikombe juu ya kiti, taratibu, mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukishika kiwiko kama anavyompa mtu mzima. Nilidhani kwa mazoea alikuwa bado anamhesabu Mzee Kombo. Nikatazama karatasi yangu.

Walizungumza. Haikwenda vizuri. Mwisho mhandisi aliweka penseli chini na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Je, kuna yeyote humu ndani anayeweza kuniambia makaburi hayo yako wapi hasa?"

Nikatafsiri kwa Kiswahili, neno kwa neno. Yeyote humu ndani.

Nikainamia karatasi. Kisha nikasikia jibu.

Ilikuwa sauti ya chini, yenye mkwaruzo, kama ya mtu ambaye hajanywa maji siku nyingi. Haikuwa na haraka. Nilitazama saa, nikaandika pembeni, saa tatu na dakika kumi na saba, nikaandika maneno, na nilipoinua kichwa nikayatoa kwa Kiingereza kama nilivyofundishwa, kwa "mimi". Mhandisi akayaandika. Bwana Shauri akayaandika. Hakuna aliyeshtuka, kwani wazee hawakujua Kiingereza, na wale mabwana wawili walizoea kusikia kila neno la wazee kinywani mwangu.

Kosa hilo lisingeweza kumpata mtu wa kazi nyingine. Karani angemtazama anayesema. Polisi angeuliza jina. Mimi nilifundishwa kutotazama wala kutouliza, na nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Desturi yetu ilikuwa kusoma muhtasari kwa sauti kabla ya kutia sahihi. Bwana Shauri alisoma, mimi nikirudisha kwa Kiswahili. Tukafika pale.

"Upande wa Wazee: Kutoka kisima cha zamani, hatua arobaini na moja kuelekea macheo. Hapo ndipo nilipo. Wenzangu wako mgongoni mwangu hadi kwenye barabara."

Sheikh Muharami alikuwa anapangusa miwani. Akaacha.

"Mimi sikusema hayo," alisema.

"Wala mimi," alisema Mzee Ramia, aliyekaa pembeni yake. Wale wawili wengine wakatikisa vichwa. Mzee Ramia akanigeukia. "Huyu Mchaga leo ametuuzia maneno ya dukani kwake. Tena ya jumla."

Mmoja akacheka kidogo. Mimi nilihisi jasho likinishuka mgongoni hadi kwenye mkanda. Mkalimani anayeongeza neno amekwisha. Hapewi hata barua ya kuondoka. Na zaidi ya hilo, Jumatatu vibarua wangechimba.

"Wanakataa walichosema?" Bwana Shauri aliuliza kwa Kiingereza.

"Bwana, bado hatujamaliza kusoma," nilimjibu. "Imebaki sentensi moja." Ilikuwa kweli.

Akaisoma. Nikaitafsiri, na safari hii nilivunja kanuni: nilimtazama Sheikh.

"Kila Alhamisi mwanangu husimama barabarani akanisomea. Mimi niko nyuma yake."

Pangaboi lilizunguka juu ya vichwa vyetu. Sheikh Muharami alivaa miwani yake, upande mmoja kwanza, kisha wa pili.

"Nani amekwambia habari ya Alhamisi?"

"Hakuna, Sheikh."

"Mke wangu hajui. Nani amekwambia?"

"Sheikh, nimeandika nilichosikia humu ndani. Tazama." Nikamgeuzia daftari. Aliyasoma maneno, na saa iliyoandikwa pembeni. Kisha akakitazama kiti cha dirishani kwa muda mrefu. Kikombe kilikuwa juu yake.

"Mimi husimama nimeelekea kusini," alisema polepole, si kwa mtu. "Niliambiwa ni upande wa kusini wa barabara. Miaka yote hiyo nimempa mgongo."

Bwana Shauri alikuwa anasubiri, kalamu mkononi. "Anasemaje? Ni maneno yao au si yao?"

Nikatafsiri swali. Sheikh hakuwa mtu wa kusema uongo, na niliona jinsi alivyolipima jibu kabla ya kulitoa.

"Mwambie aandike kama yalivyo. Maneno hayo ni ya upande wetu."

Ndipo nilipoelewa manufaa ya kutoandika majina.

Tulikwenda kiwanjani wote kwa miguu, saa nne kasorobo, jua limeshakuwa kali. Mzee Ramia alikumbuka kisima. Alisema kilifukiwa zamani, chini ya pale muuza mkaa alipopanga magunia. Muuza mkaa alinung'unika, tukamsaidia kuyasogeza, na kweli ukaonekana mduara wa mawe ya matumbawe chini ya vumbi jeusi. Mhandisi aliweka visigino vyake kwenye mawe, akatembea kuelekea mashariki hatua arobaini na moja, kwa miguu yake mirefu, akaishia kwenye ukuta wa ghala.

"Mnaona," alisema. "Hapa hakuna kitu."

"Hizo si hatua zake," alisema Sheikh. "Yeye ni mwanamke."

Pembeni palikuwa na mama akikaanga vitumbua, jina lake Bi Tatu, mfupi, mwenye kanga mbili. Sheikh alimwendea mwenyewe.

"Bi Tatu, tunakuomba utembee hatua arobaini na moja. Anzia pale kwenye mawe, uende kama unavyokwenda sokoni."

"Kutembea tu, Sheikh? Na vitumbua vyangu vikiungua?"

Wanaume tukatazamana. Mwisho mhandisi ndiye aliyepewa mwiko, akachuchumaa mbele ya kikaango cha vitumbua na kofia yake kichwani. "Ukiviunguza utanilipa," Bi Tatu alimwambia, nami nikatafsiri, kwa "mimi".

Alitembea akihesabu kwa sauti. Watu wa sokoni wakaanza kusogea, wakatania mwanzoni, kisha wakanyamaza. Alipofika arobaini na moja alisimama. Halafu alirudi nyuma nusu hatua, akavua ndara zake, akazishika mkononi.

"Kuna nini, Bi Mkubwa?" nilimuuliza.

"Pana baridi hapa," alisema. "Kama sakafu iliyomwagiwa maji."

Mchanga pale ulikuwa umekauka na jua. Niliugusa kwa kiganja. Sitaandika nilichohisi, kwa sababu huenda nilikihisi kwa kuambiwa.

Hakuna aliyechimba. Mhandisi alirudisha mwiko, akachukua ufito wa chuma wa kupimia udongo, akauliza kwa heshima kama anaweza kugusa. Sheikh alikubali. Ufito uliingia shubiri moja ukagonga jiwe. Alifagia mchanga kwa vidole: jiwe dogo la tumbawe, limesimamishwa wima. La pili lilikuwa upande wa magharibi, umbali wa urefu wa mtu mfupi. La kichwani mashariki na la miguuni magharibi, hivyo ndivyo anavyolazwa mtu hapa kwetu ili akigeuzwa ubavu wa kulia aelekee Kibla. Kusini yake, hadi barabarani, ufito uligonga mawe mengine mengi.

Kigingi chekundu kilikuwa kimesimama katikati ya yale mawili ya kwanza.

Mhandisi alikitoa kwa mikono yake. Sheikh Muharami alisimama kando ya lile jiwe la wima, safari hii akilitazama. Sisi wengine tulisogea tukamwacha. Jumatatu vibarua walianza kuchimba, na mfereji ulipindwa ukazunguka kile kiwanja kama mto. Umepindika mpaka leo. Kila mhandisi kijana anayekuja huuliza kwa nini, na huambiwa ni sababu ya udongo.

Alasiri ya Jumatano ile ile nilikwenda Magomeni kwa Mzee Kombo. Alikuwa kibarazani akikata kucha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso wa mtu aliyeibiwa?"

Nikamweleza yote, kwa mpangilio, na saa zake. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza mambo mawili tu.

"Kiti ulimwekea?"

"Nilikiweka."

"Na kahawa?"

"Faki alimimina."

"Basi kazi umeifanya."

"Mzee, ni nani huyo?"

"Mimi nilikuwa mkalimani, Eliya. Sikuwa polisi."

"Kwako alikuja mara ngapi?"

Alikunja kisu chake cha kucha akakitia mfukoni. "Si yeye. Kila mmoja huja na lake. Kwangu ilikuwa mara mbili. Ile ya pili ndiyo iliyonifanya niombe kustaafu." Kisha akauliza bei ya vitunguu, na hadi anafariki hakurudia habari hiyo.

Mimi sikusikia tena, katika miaka yote iliyofuata. Ofisi ilibadilisha bendera, meza na lugha ya muhtasari. Niliketi kati ya mabalozi na masheikh, kati ya maaskofu na makadhi, na kila mara nilipanga kiti kimoja zaidi. Sijawahi kuwaeleza ninyi sababu. Nimeona mikutano iliyojaa hadi watu wakasimama ukutani, na kiti kile kikabaki wazi bila mtu kukatazwa. Nanyi endeleeni kukiweka. Mkiulizwa, semeni ni cha wa kuchelewa.

Imebaki habari ya malipo. Faki alilipwa na ofisi kwa kikombe, mwisho wa mwezi. Karani wa hazina, mtu makini kama mimi, aliikataa hati yake ya Jumatano ile: muhtasari ulionyesha watu saba, yeye alidai vikombe vinane. Nilimwita Faki. Aliapa kwamba alimimina vinane na akakusanya vinane, vyote vitupu. Niliwauliza wazee wote, na Sheikh, na hata mhandisi na Bwana Shauri kwa njia ya utani. Kila mmoja alikunywa kimoja. Mimi nilikunywa kimoja. Hati haikuweza kupita, na Faki hakuwa na kosa, kwa hiyo nilimlipa kutoka mfukoni mwangu, kwa sarafu ile yenye tundu katikati. Niliandika daftarini, chini ya saa tatu na dakika kumi na saba, kiasi nilichopoteza katika kesi ile: senti tano.